Kabla Hujamlaza Mgonjwa Wako Kwenye Nyumba ya Kupumzikia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tukuyu aliniandikia kuniuliza kama ni salama baba yake, anayetarajia kufanyiwa upasuaji wa ngiri hapa Mbeya, akae siku kumi katika nyumba ya kupumzikia wagonjwa badala ya kurudishwa nyumbani mara moja. Ndaga, kaka. Umeligusa jambo ambalo bado linaniuma, ndiyo maana nakujibu mbele ya wote.

Mama yangu alitolewa uvimbe wa kizazi mwezi Julai. Upasuaji ulikwenda vizuri, na sina neno baya juu ya madaktari wala wauguzi wa wodini. Siku ya nne akapewa ruhusa, na hapo ndipo tulipokwama: kwetu ni Makete, na sikuweza kumpitisha mtu mwenye mshono wa tumboni kwenye barabara ya Kitulo, kisha kumrudisha kwa njia hiyo hiyo baada ya siku chache kuja kutolewa nyuzi. Mimi naishi chumba kimoja na watoto watatu. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akatuelekeza kwenye nyumba iliyo karibu na hospitali, ambayo hupokea wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa.

Niliikuta ina shuka safi, uji wa ulezi kila asubuhi, na mwenyeji mpole. Nikalipa fedha ya siku kumi bila kuuliza swali hata moja kuhusu kidonda. Aliyekuwa akibadilisha bandeji ni binti aliyevaa gauni jeupe, nami nikaliamini gauni. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuwahi kusomea uuguzi, na kwamba beseni lile lile lilitumika kwa wagonjwa wanne.

Siku ya sita mama alinipigia simu akisema anasikia baridi kali. Kwa kuwa Julai yetu kila mtu anaijua, binti yule alimwingizia jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Jioni nilimkuta mama amelegea, kichwa kinamuuma na anasikia kichefuchefu. Mkaa, hata ukiwa umeiva na hautoi moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na katika chumba kilichofungwa inaua. Nilipotoa jiko na kufungua dirisha kichwa kilitulia, lakini mwili uliendelea kuwaka, kwa sababu baridi ile ilikuwa ya homa: mshono ulikuwa umeanza kutunga usaha. Nyumba nzima haikuwa na kipimajoto. Saa tatu usiku tulikuwa ndani ya bajaji tukirudi hospitali.

Wiki mbili zilizofuata sitazisimulia. Mama alipona, na leo analima viazi vyake mwenyewe.

Nilipofuatilia, niliambiwa kwamba leseni ya mahali pale ilikuwa ya nyumba ya kulala wageni, kwa hiyo kilichokaguliwa ni vyoo na magodoro. Sheria ya hospitali binafsi ya mwaka 1977, ambayo marekebisho yake ya mwaka 1991 yaliruhusu tena watu binafsi kufungua hospitali, inamdai kibali anayeendesha mahali pa matibabu. Wenye nyumba hizi hujitetea kwamba wao hawatibu, wanalaza tu. Mimi nasema anayefungua bandeji ya mshono anatibu, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 hairuhusu kazi hiyo ifanywe na mtu asiyesajiliwa. Mama lishe hutakiwa kupimwa afya kabla ya kumuuzia mtu wali. Iweje anayegusa kidonda asiulizwe chochote?

Sitaki nyumba hizi zifungwe. Wagonjwa wa rufaa wanakuja Mbeya kutoka hadi Rukwa na Katavi, na lazima walale mahali. Ninachotaka ni zisajiliwe kwa jina la kazi zinayoifanya, kila moja iwe na muuguzi mwenye leseni hai, daftari la homa na hali ya kidonda linaloandikwa asubuhi na jioni, na makubaliano ya maandishi kuhusu hospitali itakayompokea mgonjwa akizidiwa usiku. Mganga Mkuu wa Jiji na maofisa wake wawe wanaingia bila taarifa. Haya nimeyaandika katika barua niliyoipeleka mwenyewe kwa mkono, na nitarudi kuuliza majibu.

Wewe kaka, usilipe hata shilingi kabla hujauliza ni nani atakayefungua bandeji ya baba, na uonyeshwe leseni yake. Ukijibiwa kwa tabasamu, uliza tena. Maambukizi ya mshono yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, kwa hiyo hata akirudi Tukuyu endelea kumpima, na joto likifika nyuzi 38 usisubiri kupambazuke. Kipimajoto nilichomnunulia mama bado ninacho. Ukifika mjini, pitia ukichukue.