Kesho wakiongeza picha ya sita

Karibu kila kijana anayekuja kwangu hapa Langoni kujifunza kutengeneza tovuti huja na slaida ya picha aliyoiandika mwenyewe. Ni kazi ambayo mtu anayeanza huipenda haraka, maana matokeo yake yanaonekana: unabonyeza mshale, picha inaondoka, nyingine inaingia. Na hapa Lamu kila mteja anaitaka, kuanzia nahodha anayetembeza wageni kwa mashua hadi mwenye nyumba ya kulala wageni kule Shela. Mgeni analipia nyumba ambayo hajaikanyaga. Picha ndizo zinazomsemea mwenye nyumba, kwa hiyo slaida ikiharibika, mtu amekosa riziki.

Slaida nyingi ninazoletewa zinafanya kazi, na huo ni mwanzo mzuri. Kasoro haijitokezi siku ya kwanza. Hujitokeza siku mteja anapoongeza picha.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa na picha tano za nyumba ya zamani ya mawe: daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (ukumbi unaotazama ua), chumba cha kulala, na darini chini ya makuti. Niliandika funksheni tano (vipande vya maagizo kwa kompyuta, kila kimoja na jina lake), kila picha na yake: `onyesha1`, `onyesha2`, mpaka `onyesha5`. Kila moja ilionyesha picha yake na kuzificha zile nne nyingine, moja moja kwa jina. Mshale wa mbele ulikuwa na mlolongo wa `if`: ukiwa kwenye ya kwanza nenda ya pili, ukiwa ya pili nenda ya tatu, ukiwa ya tano rudi ya kwanza. Mshale wa nyuma ulikuwa na mlolongo huohuo kinyumenyume.

Siku chache kabla ya Maulidi, mama mwenye nyumba akanipigia simu. "Mwanangu, kile chumba kipya kimekwisha. Niwekee picha yake kabla wageni hawajaanza kuuliza nafasi." Nikamwambia ni kazi ya muda mfupi tu. Nilipoifungua kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, nikakuta nahitaji kuiongeza picha yenyewe, kidoti chake cha chini (kile cha kubonyeza ili uiruke moja kwa moja picha hiyo) na funksheni yake, kurekebisha milolongo yote miwili ya mishale, kisha kuingia katika zile funksheni tano za zamani na kuiambia kila moja iifiche picha ya sita. Nikaisahau `onyesha3`. Ukitoka kwenye chumba kipya ukabonyeza kidoti cha tatu, msana na chumba vilitokea pamoja, kimoja juu ya kingine, na namba ya simu ikasukumwa chini isionekane. Aliyegundua ni mama mwenyewe, wakati anamwonyesha mgeni tovuti yake. Niliona haya sana.

Tangu siku hiyo nina swali moja ninaloiuliza kila slaida, yangu au ya mwanafunzi: kesho wakiongeza picha moja, nitagusa mahali pangapi? Jibu likizidi mahali pamoja, kodi bado haijakomaa, hata kama inapendeza kwenye skrini.

Mahali hapo pamoja ni pale picha zilipoorodheshwa kwenye HTML, lugha inayopanga vilivyomo kwenye ukurasa. Kodi yenyewe haitakiwi kujua idadi ya picha, inatakiwa izihesabu. Inahitaji kukumbuka namba moja tu, ya picha inayoonekana sasa, na inahitaji funksheni moja tu ya kuonyesha (`slaida` hapa ni kile kisanduku cha HTML kilichobeba picha):

```
const picha = slaida.querySelectorAll("img");
let sasa = 0;

function onyesha(n) {
  picha[sasa].classList.remove("hai");
  sasa = (n + picha.length) % picha.length;
  picha[sasa].classList.add("hai");
}
```

Mshale wa mbele unaita `onyesha(sasa + 1)`. Wa nyuma unaita `onyesha(sasa - 1)`. Kidoti cha nne kinaita `onyesha(3)`, maana JavaScript, lugha tunayoiandikia kodi hii, huanza kuhesabu orodha kwa 0. Vidoti vyenyewe viache kodi ivitengeneze, kimoja kwa kila picha, usiviandike kwa mkono. Kuficha na kuonyesha ni kazi ya CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa: picha zote zimefichwa, isipokuwa yenye klasi, yaani lebo, ya `hai`. Picha ya kwanza ipe klasi hiyo tangu kwenye HTML, ili hata kodi ikikwama njiani mgeni aone angalau picha moja badala ya ukuta mweupe.

Ule mstari wa katikati ndio wanafunzi wengi huunakili bila kuuelewa, basi tukae nao kidogo. Alama ya `%` hutoa baki la kugawanya. Tuna picha sita, kwa hiyo namba zake ni 0 mpaka 5. Uko kwenye 5, umebonyeza mbele, n ni 6. Ongeza 6 upate 12, gawanya kwa 6, baki ni 0. Umerudi mwanzo bila `if` hata moja. Sasa uko kwenye 0 na umebonyeza nyuma, n ni -1. Hapa ndipo pana mtego, kwa sababu katika JavaScript baki la -1 kwa 6 ni -1, na picha namba -1 haipo, kodi inakwama. Ndiyo maana tunaongeza idadi ya picha kabla ya kugawanya: -1 na 6 ni 5, baki 5, picha ya mwisho. Chukua karatasi, ifanye hesabu hiyo kwa picha tatu, kisha kwa picha moja. Ukiifanya kwa mkono mara moja hutaisahau.

Jambo la pili linalowaponza wengi ni saa. Mteja anataka picha zijibadilishe zenyewe kila baada ya sekunde tano, unaweka `setInterval`, amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda uliopangwa, mambo yanakwenda. Kisha unaongeza kitufe cha kuendelea, nacho kinaita `setInterval` tena. Kijana mmoja aliniletea slaida ya aina hiyo akaniambia, "Dada, sijui imepatwa na nini, asubuhi ilikuwa sawa, sasa picha zinakimbia." Nikamwomba abonyeze kile kitufe mara tatu mbele yangu. Kila alipobonyeza, saa mpya ilianza, na za zamani ziliendelea kugonga kulekule nyuma. Saa nne zilikuwa zinasukuma picha ileile.

Dawa yake ni kuiwekea saa jina, na kutoanzisha mpya kabla ya kuisimamisha iliyopo:

```
let saa = null;

function simama() {
  clearInterval(saa);
}

function anza() {
  simama();
  saa = setInterval(() => onyesha(sasa + 1), 5000);
}
```

Mgeni akibonyeza mshale, ita `anza()` baada ya kuonyesha picha, ili apate sekunde tano zake kamili. Bila hivyo anaweza kurudi nyuma kutazama vidaka vya ukutani, saa ya zamani ikamnyang'anya picha palepale.

Na kitufe cha kusimamisha si hiari. Miongozo ya kimataifa ya tovuti kufikiwa na watu wote, ile ya WCAG, inataka kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 pembeni ya maudhui mengine kiwe na njia ya kusimamishwa. Wako watu ambao mwendo wa skrini huwatia kizunguzungu, na wako wanaosoma taratibu. Mimi, nikiachiwa niamue, siweki saa kabisa. Wateja huitaka kwa kuwa wameiona kwingine, na mara nyingi nikiwaeleza hukubali kuiacha. Vitufe navyo viwe `button` halisi, si `div` (kisanduku cha kawaida cha HTML) iliyopakwa rangi, kwani anayetumia kibodi peke yake hataifikia `div` hiyo. Kila picha iandikie `alt`, maelezo yake ya maandishi, inayosema kilichomo: "Msana wenye vidaka na kitanda cha kamba". "Picha 3" haimwambii kitu mtu anayesomewa skrini.

Kama ukurasa una slaida mbili, ya vyumba na ya safari za mashua, usirudufu kodi na kubadilisha majina. Iweke yote ndani ya funksheni moja inayopokea kisanduku cha slaida, kisha iite kwa kila kisanduku. Kila slaida itakuwa na `sasa` yake na `saa` yake, hazitaingiliana.

Hayo yote hayatamfaa mgeni ikiwa picha hazifunguki. Uwanja wa ndege wetu uko Manda, ng'ambo ya maji, na mgeni akishuka huvuka kwa mashua. Hapo gatini ndipo wengi hufungua tovuti ya nyumba ili wamwonyeshe nahodha wanakokwenda, kwa mtandao wowote watakaoupata. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti nne au tano. Sita za aina hiyo zinapita megabaiti 20, na mgeni atafika Shela bado anatazama duara linalozunguka. Mimi huzipunguza mpaka upana wa pikseli 1200, na nyingi huangukia chini ya kilobaiti 300. Picha zote isipokuwa ya kwanza nazipa `loading="lazy"`, ili kivinjari kisizipakue mpaka zinapokaribia kuhitajika. Zote naziandikia `width` na `height` (upana na kimo), ili kivinjari kizitengee nafasi mapema na maandishi yasiruke picha zinapoingia.

Kabla ya kumkabidhi mteja, ifanyie slaida ukatili kidogo. Bonyeza mshale haraka mara ishirini. Ongeza picha kumi za ovyo, uone kama vidoti vinafuata. Kisha zitoe zote ubakishe moja: mishale ijifiche. Itoe na hiyo moja: bila picha, `picha[0]` haipo na kodi itakwama, kwa hiyo weka mstari ndani ya ile funksheni inayopokea kisanduku, mara tu baada ya `const picha`, unaosema kama `picha.length` ni 0, rudi, usifanye kitu. Mwisho ifungue kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando, si kwa waifai ya ofisini. Ukiwa na nafasi, panda mashua uende ukaifungulie pale gatini Manda.