Usiiwashe Kwanza

Kompyuta ya kwanza ya zamani niliyojaribu kuiokoa, niliiua mwenyewe. Ilikuwa Commodore 64, ile ya kahawia iliyotoka mwaka 1982, nayo ilikuwa imelala kwenye boksi kwa mjomba zaidi ya miaka ishirini. Adapta ilikuwamo, waya zote zilikuwamo, basi nikachomeka. Skrini ikaja ya buluu, ikaniambia nina baiti 38911 za BASIC, lugha yake ya programu, nikaita watu waje waone. Hata hawajakaa vizuri, skrini ikawa nyeusi, na nyeusi ikabaki.

Baadaye ndipo nikaipima adapta. Ikiwa baridi ilitoa volti 5 kama inavyotakiwa. Ikishapata moto, zilipanda hadi karibu 7. Adapta zile zimejazwa gundi ngumu ndani, joto halina pa kutokea, na kidhibiti cha volti kikizeeka hakizuii tena. Zinazotangulia kufa ni chipu za kumbukumbu. Siku hizi sichomeki adapta ya zamani kabisa, hata ikiwa safi kama ya dukani. Natumia mpya, na hata hiyo naipima kwanza.

Watu huniuliza lipi bora: mashine yenyewe, mashine mpya iliyotengenezwa kwa mfano wake, au emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo kwenye kompyuta ya leo. Mimi huwarudishia swali: kaseti zenu za programu ziko wapi? Chipu iliyoungua hupata mwenzake. Programu ambayo mtu wenu aliiandika mwaka 1984 huenda iko kwenye utepe mmoja tu duniani, na utepe huo unazidi kufifia. Kwa hiyo anzeni hapo, mashine isubiri.

Kaseti inataka subira kuliko vifaa. Tafuta deki nzuri, safisha kichwa chake kwa pamba yenye spiriti, zima kila kitufe cha kupunguza kelele, kisha rekodi sauti kwenye kompyuta yako kama faili la WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde. Kama ni ya ZX Spectrum, kompyuta ya Sinclair, utasikia kwanza filimbi ndefu, halafu mkwaruzo. Sikiliza ule mkwaruzo. Ukiwa mzito, kana kwamba unapigiwa ndani ya blanketi, kichwa cha deki hakijakaa sawa na kile kilichorekodi. Pembeni ya kichwa kuna skrubu ndogo. Izungushe robo ya robo, taratibu, huku utepe ukicheza. Kuna mahali mlio unakuwa mkali ghafla, unakata kama wembe. Acha hapo. Kaseti nyingine yaweza kutaka mahali pengine, na hapo ndipo wengi huchoka na kuandika "imeharibika" kwenye jalada.

Halafu geuza WAV kuwa TZX, aina ya faili la kutunzia programu za kaseti, ambayo hutunza hata vipimo vya mapigo ya zile programu zenye mtindo wao wa kujipakia. Lakini WAV usiifute. Kwenye kaseti moja ya mjomba, baada ya programu ya mwisho ya upande wa pili, kuna sauti yake mwenyewe anasoma namba za kaunta: hii inaanzia sifuri kumi na mbili, ile mia moja na nne. Anakohoa, anacheka, utepe unakatika. Faili la TZX halikuchukua hata neno moja la hayo.

Diski ni kazi fupi zaidi. Nunua bodi ndogo ya saketi iitwayo Greaseweazle, iunganishe na kisoma-diski, nayo itanakili mabadiliko ya sumaku yenyewe badala ya mafaili tu. Ukiona ukungu kwenye diski, usiiingize kabla ya kuisafisha. Uchafu huo hubaki kwenye kichwa na kukwaruza diski zote zinazofuata.

Emuleta ndiyo inayokuambia kama nakala yako ni nzima. Fuse kwa Spectrum, VICE kwa Commodore, zote ni za bure. Na kwa Spectrum huna haja ya kuogopa habari za ROM, ile programu ya ndani ya mashine: Amstrad, walionunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, waliruhusu zisambazwe pamoja na emuleta. Kasoro ya emuleta utaiona kidoleni. Unabonyeza, mchezaji anaruka kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu kibodi, programu na televisheni ya kisasa kila moja imejichukulia kachelewesho kake.

Ndiyo maana nazipenda mashine za FPGA. Hiyo ni chipu isiyo na kazi maalumu mpaka uipe mchoro wa saketi, nayo ikajipanga kuwa saketi hiyo. MiSTer, mradi uliojengwa juu ya bodi ya DE10-Nano, hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kuchagua kwenye menyu. Mimi niliweka bodi ya Ultimate 64 ndani ya kasha lilelile la mjomba, nikaichomeka chipu yake ya sauti, SID, ambayo ilinusurika siku ile. Wenye msimamo mkali wanasema hiyo si Commodore tena. Wana hoja. Ila vichujio vya sauti vya SID za mwanzo hutofautiana chipu kwa chipu, na ile ninayoisikia mimi ni ileile aliyoisikia yeye.

Kuhusu plastiki iliyogeuka njano, mimi naiacha. Wapo wanaoipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika juani, ikarudi kama mpya, na mara nyingi njano hurudi nayo.

Kuna jambo moja tu la mashine lisilosubiri kaseti. Kama stoo kuna Amiga 500 Plus au Amiga 2000, nazo ni kompyuta za Commodore, bodi yake ina betri ndogo ya kuchaji ya kutunza saa. Betri hizo huvuja, na maji yake hula njia za shaba hata mashine ikiwa imezimwa miaka yote. Fungua kasha leo, ikate betri, pasugue kwa siki kidogo palipoingia ukijani, kisha kwa spiriti. Ukishamaliza, rudi kwenye kaseti.