Kabla Hujayaandika Tuliyozungumza

Usiku mmoja wa mwezi wa Shaabani dada mmoja wa Majengo alinitumia sauti. Chama chao cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu kimepata mwanachama mpya, naye anataka zamu ya kwanza kwa sababu ana dharura. Je, wampe? Nilikuwa nakanda unga wa mahamri. Nikamjibu kwa sauti ya dakika 7, mkono mmoja kwenye simu, wa pili kwenye unga. Nimekuwa mweka hazina wa chama chetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka 11, na swali hilo nishalijibu mara nyingi. Wiki ileile akaniuliza mwengine wa Likoni, kisha wa tatu akanikamata Marikiti nikinunua nazi. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari la mwanangu nikaanza kuandika.

Basi ushauri wangu wa mwanzo ni huo. Ukiona umewajibu watu watatu kwa maneno yaleyale, wako wengine wanaolihitaji jibu hilo na hawana namba yako. Liandike.

Usianze na karatasi tupu. Mimi nilifungua ile sauti nikajisikiliza. Dakika 2 za kwanza zilikuwa masalkheri na kuulizana watoto; hizo niliziacha. Kisha nikajisikia nikisema: "Sasa wewe skiza, huyo mpya musimpe wa kwanza, mutakuja kulia." Nikaandika: "Mwanachama mpya apokee mwisho." Nilipoisoma nikaona imekauka, kama tangazo lililobandikwa mlangoni. Yule dada alinielewa kwa sababu alisikia sauti yangu ilivyopanda niliposema "mutakuja kulia", na anajua nilishalia. Msomaji hana hayo, kwa hiyo pale palipokuwa na sauti ilinibidi niweke sababu. Mwisho nikaandika hivi: "Mwanachama mpya musimpe zamu ya kwanza, kwani akishapokea hamna tena cha kumrudisha."

Na sababu yenyewe inataka hesabu. Katika mazungumzo nilikuwa nikisema tu "mutapata hasara kubwa", na mtu ananiitikia tukaendelea. Nilipoandika nikalazimika kuuliza: hasara gani hiyo? Wanawake 12, kila mmoja anatoa shilingi 1,000 kwa wiki. Wa kwanza anapokea 12,000 hali ametoa 1,000 peke yake. Akitoweka wiki ya pili, ameondoka na 11,000 za wenzake. Wa mwisho, kwa upande wake, anapofikiwa na zamu ameshatoa zote. Ilinichukua nusu saa na penseli, na hapo nikatambua kwamba miaka yote ile nilikuwa nikiwashawishi watu kwa sauti, hesabu sijaipiga. Tangu siku hiyo hata mdomoni najibu vizuri zaidi.

Lakini kuna jambo gumu kuliko hesabu, nalo ni kiasi gani cha kisa ukieleze. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mvita aliyefariki mwaka 1840 hivi, mengi aliyoyatunga yalikuwa maneno ya kujibizana na watu. Yaliishi vinywani, na lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya na kuyaandika mwishoni mwa karne ya 19, mengi yangepotea pamoja na walioyahifadhi. Hata hivyo yako mashairi yake ambayo leo huyapati vizuri mpaka uelezwe aliambiwa nani na kulikuwa na nini siku hiyo, maana sisi hatukuwapo barazani. Msomaji anataka kisa ndipo aelewe, na mwenye kisa anataka asijulikane. Kila ukikaa kuandika mazungumzo utajikuta katikati ya hao wawili.

Mimi niliteleza hapo. Jirani yangu alinieleza, faraghani, kwamba ameshindwa kutoa mchango wiki tatu mfululizo na hana uso wa kuwaambia wenzake. Tulizungumza mpaka tukapata njia: aombe kupunguziwa mchango na zamu yake isogezwe nyuma. Niliona ni jibu zuri, nikaliandika na kulituma kwenye makundi ya simu. Jina sikulitaja. Ila nilisema ni mama anayeuza viazi karai jioni, na kwamba ana binti anayekaribia kuolewa. Kabla ya Magharibi mtaa mzima ulishajua.

Hakuja kunigombeza. Siku mbili kabla nilikuwa nimempelekea sahani ya maandazi, na kwetu sahani hairudi tupu. Hata kama ni ndizi mbili, utatiliwa. Yangu ilirudi tupu, imeoshwa, imeletwa na mtoto.

Nilikwenda kumuomba radhi usiku uleule, na kila kundi nikaandika kwamba nimekosea, nikayafuta yale maneno. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, lakini mimi sikuwa na haja ya katiba. Tulifundishwa chuoni, kwenye madrasa, kwamba vikao ni amana.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Jibu ni langu, nalitoa. Muulizaji namuacha nje kabisa, kazi yake, mtaa wake, idadi ya watoto wake. Nikihitaji kisa nangoja waulize watu kadhaa, niandike lile wanaloshirikiana wote, au najitolea mfano mimi. Na ruhusa siombi kwa mdomo mtupu. Ukimuuliza mtu "naweza kuandika?" atakwambia "andika tu" kwa haya, hali hajui utaandika nini. Msomee maneno yenyewe. Yaliyosemwa na mtu analia, na ya ndani ya ndoa, hayo siandiki hata nikipewa ruhusa.

Ilipita karibu miezi minane. Yule jirani akaniita kibarazani kwake akaniambia lile jibu la kupunguza mchango liliwafaa, na kuna wanawake Kisauni wanalitaka. Nikaliandika upya, nikarudi nikamsomea taratibu huku akimenya viazi. Nilipofika pahali niliposema "mwanamke mmoja", akainua kisu.

"Sema wanawake," akaniambia. "Hatukuwa mmoja."

Nikafuta, nikaandika wanawake.