Jibu: Kupima picha na idadi za vifo kutoka Goma

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje kama video inayodaiwa kuwa ya Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Januari 2025, ni ya kweli. Anza na mahali: mlima Nyiragongo uko kaskazini mwa mji na Ziwa Kivu liko kusini, na kuta nyingi za huko zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano, video isiyolingana na hayo uitilie shaka. Kisha utafute tarehe, kwa maana waasi wa M23, kabla ya kuuteka mji Januari 2025, waliwahi kuuteka mji huohuo Novemba 2012, na picha za zamani hurudi zikiwa na maelezo mapya.

Idadi za vifo ndizo zinazoniumiza zaidi, kwa sababu kila tarakimu ni mtu. Mwanzoni mwa Februari 2025 Umoja wa Mataifa ulitaja 900, na siku chache baadaye 2,900. Hesabu ya pili ilijumlisha maiti zilizokuwa hospitalini na zile zilizookotwa mitaani, kwa hiyo mwandishi makini hutaja aliyehesabu, siku aliyohesabu na mahali alipohesabia, na akikosea husahihisha palepale alipoandika kosa.