Viini mamia ndani ya uzi mmoja wa msuli: viliingiaje?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi, niko Dodoma. Mhadhiri alituambia kwamba uzi mmoja wa msuli wa mifupa una viini mamia kwa sababu seli nyingi ziliungana. Mimi najiuliza: kwa nini isiwe seli moja iliyogawa kiini chake mara nyingi bila yenyewe kugawanyika? Nani alihakikisha, na kwa njia gani? La pili, aliandika ubaoni jina la Howard Holtzer, akasema huyu alichunguza misuli ya vifaranga karibu maisha yake yote. Mtu anapata nini cha kufanya humo miaka yote hiyo?

JIBU: Naona mwenzetu umepiga msuli juu ya msuli. Usione haya kwa swali la kwanza, maana liliwagawa wataalamu tangu karne ya 19. Ukitazama kipande cha nyama kwenye darubini unaona viini vimejipanga pembezoni mwa uzi, lakini picha hiyo haikuambii vilifikaje pale. Kilichosaidia ni kuutoa msuli kwenye mnyama na kuuacha ukue mbele ya macho yako.

Unachukua yai lililoatamiwa siku kumi au kumi na moja, unakitoa kidari cha kifaranga, ambacho wakati huo ni kama ute mzito tu, unakikatakata, unakitia kimeng'enya cha tripsini ili seli ziachane, kisha unazimwaga kwenye kisahani chenye chakula chake. Siku ya kwanza unaona seli mojamoja, nyembamba, zimechongoka ncha mbili. Kesho yake zinaanza kulala ubavu kwa ubavu. Halafu zinaungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, na kufikia siku ya tatu au ya nne una mirija mirefu yenye viini vimepangana ndani mithili ya tasbihi. Baadaye mirija hiyo inapata milia, na siku moja unachungulia unakuta inaruka yenyewe humo kisahanini, bila neva wala umeme. Nimeiona mara nyingi na bado huwa naita watu waje watazame.

Hata hivyo kuona si kuthibitisha, na mbishi angesema viini vile vingine vilizaliwa humo humo ndani ya mrija. Hapo ndipo anapoingia Holtzer, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, tangu miaka ya 1950. Mwaka 1961 yeye na Frank Stockdale walizipa seli thimidini, ambayo ni tofali mojawapo la DNA, iliyofungwa hidrojeni yenye mnururisho. Seli inayonakili DNA yake huimeza, isiyonakili huiacha. Ukiweka utando wa filamu ya picha juu ya seli, kiini kilichomeza kinaacha vidoa vyeusi. Sasa fuata mantiki yao. Wakipima mara tu baada ya kuzipa seli thimidini, vidoa viko kwenye seli mojamoja, na viini vya ndani ya mirija ni vyeupe kabisa. Wakisubiri muda mrefu zaidi, vidoa vinaonekana ndani ya mirija pia. Maana yake viini hivyo vilinakili DNA vikiwa bado nje, ndipo vikaingia.

Kulibaki kamwanya kadogo: huenda kiini kinapasuka vipande viwili bila kunakili DNA. Lakini hapo kila kipande kingekuwa na nusu ya DNA, na viini vya mirija vilipopimwa vilikutwa na kiasi kamili.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote ulitoka mji huohuo wa Philadelphia, kwa Beatrice Mintz na mwenzake Wilber Baker, mwaka 1967. Mintz alikuwa fundi wa kuunganisha viinitete viwili vya panya wa koo mbili tofauti hadi akapatikana panya mmoja mwenye seli za koo zote mbili. Kuna kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi kikiwa jozi, kama kandambili. Ukoo wa kwanza hutengeneza jozi ya A na A. Wa pili, B na B. Jozi ya A na B haiwezi kutokea isipokuwa jeni za koo zote mbili ziwe ndani ya seli moja. Kwenye moyo na viungo vingine walivyopima hawakuipata. Kwenye misuli ya mifupa waliipata. Mjadala ukafungwa, tena ndani ya mnyama mzima, si kwenye kisahani. (Moyo, kama ulikuwa hujui, seli zake hazimezani, zinashikana tu ncha kwa ncha.)

Sasa nikurekebishe kidogo wewe na mhadhiri wako, kwa sababu wanafunzi wengi huondoka darasani wakidhani kuungana ndiko kunakoifanya seli kuwa msuli. Sivyo. Mwaka 1957 Holtzer, John Marshall na Henry Finck walitumia kingamwili zinazong'aa chini ya darubini, mbinu ambayo Albert Coons alikuwa ameibuni Harvard miaka ya 1940, wakazielekeza kwa mayosini, protini inayovuta msuli. Katika kazi kama hizo maabara ya Holtzer iliona kwamba mayosini huanza kung'aa kwenye seli yenye kiini kimoja, kabla haijaungana na yeyote. Na walipochanganya mbinu zote mbili kwa pamoja, mng'ao na vidoa, yeye na Kazuo Okazaki waliona katikati ya miaka ya 1960 kwamba seli inayonakili DNA haina mayosini, na yenye mayosini hainakili. Ama inazaa ama inajenga. Ukipunguza kalsiamu kwenye chakula cha seli, hazitaungana, lakini mayosini itatengenezwa vilevile.

Ndiyo maana mwanariadha anapoumia, nyuzi zake zilizokomaa hazigawanyiki kuziba pengo. Kazi hiyo inafanywa na seli ndogo zilizolala pembeni ya uzi, chini ya utando wake wa nje, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961 kutoka msuli wa chura.

Kuhusu swali la pili. Holtzer alikuwa na swali moja kichwani: seli inaamuaje kuacha kuzaa na kuanza kujenga? Jibu lake mwenyewe, alilolitetea kwa ukali miaka ya 1970, lilikuwa kwamba kuna mgawanyiko maalumu, tofauti na migawanyiko ya kawaida, ambao ndio unaofungua mlango wa hatua inayofuata. Irwin Konigsberg na David Yaffe, nao wakilea seli za misuli, hawakukubaliana naye, na kwa jinsi alivyoliweka yeye wazo hilo halikudumu.

Kilichodumu ni kitu ambacho hakuwa akikitafuta. Mwaka 1968 Harunori Ishikawa, Richard Bischoff na Holtzer walikuwa wakitazama seli za misuli kwa darubini ya elektroni, nyingine zikiwa zimetiwa kolkisini, dawa inayovunja mirija midogo iliyomo ndani ya seli yoyote (si ile mirija ya msuli ya kisahanini). Wakakuta nyuzi za unene wa nanomita 10 hivi. Nyuzi za aktini, protini inayoshirikiana na mayosini kuvuta msuli, ni nyembamba kuliko hapo, mayosini ni nene zaidi, basi wakaziita nyuzi za unene wa kati. Wakazikuta kwenye seli za gegedu na za ngozi vilevile, kwa hiyo hazikuwa mali ya msuli peke yake. Leo mwanafunzi anafundishwa nyuzi hizo kama moja ya nguzo tatu za kiunzi cha seli, pamoja na aktini na ile mirija midogo, na mara nyingi anaambiwa "za kati" maana yake ni kati ya hizo mbili. Asili ya jina ilikuwa kati ya aktini na mayosini. Mwaka 1976 Elias Lazarides na Bruce Hubbard wakaitoa protini ya nyuzi hizo kwenye misuli laini ya firigisi ya kuku, wakaiita desmini, na kingamwili yake ndiyo madaktari wa patholojia wanayoitumia kutambua uvimbe uliotokana na seli za msuli.

Mwaka 1969 watu walewale watatu walionyesha kwamba aktini nayo imo kwenye seli za aina nyingi zisizo za msuli. Waliziloweka seli kwa kipande cha mayosini, nacho kikajipachika kwenye nyuzi za aktini kwa umbo la vichwa vya mishale.

Na jibu la lile swali lake kuu? Sehemu kubwa ilikuja mwaka 1987 kutoka Seattle, maabara ya Harold Weintraub, kwa jeni waliyoiita MyoD: iingize kwenye seli ya kawaida ya tishu unganishi, inageuka msuli. Weintraub alikuwa mwanafunzi wa Holtzer. Mzee aliyeamini kwamba seli hufuata ukoo wake hatua kwa hatua hakununa; mwaka 1990 alitoa makala pamoja na wenzake, wakionyesha MyoD ikizigeuza hata seli za gegedu na za rangi ya jicho kuwa misuli yenye milia.

Kama idara yenu ina kiatamizi, jaribu mwenyewe. Ila usinunue mayai ya dukani. Mimi nikiwa mwaka wa tatu niliatamisha trei nzima siku kumi na moja, nikavunja moja baada ya jingine nikikuta kiini cha njano kilichochoka tu. Kuku wa mayai wale hawakuwahi kuonana na jogoo. Tafuta mfugaji wa kienyeji, hakikisha jogoo yupo bandani, na uchukue mayai ya wiki hiyo.