Kuwahoji wazee wa kiwanda cha bia Moshi: niliyojifunza

Mwaka 2002, East African Breweries ya Kenya na wamiliki wa Tanzania Breweries walipogawana soko kwa kubadilishana hisa, kiwanda cha Castle kilichokuwa Thika kilifungwa, na chetu cha Moshi, Kibo Breweries, nacho kikafungwa. Hayo yamo katika taarifa za makampuni na yeyote anaweza kuyasoma. Mimi niliamua kukusanya, kwa simu yangu ya mkononi, yale yaliyobaki vichwani mwa watu, na kwa kuwa nilikosea mengi, naona ni vema anayetaka kufanya kazi ya namna hii ayajue mapema.

Kosa la kwanza lilikuwa swali lenyewe. Nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa akipakia kreti, jirani wa mama mkubwa, nikamwamkia, nikaketi, nikamuuliza kiwanda kilikuwaje. "Kilikuwa kizuri, mwanangu," akajibu, kisha akanyamaza. Safari ya pili nilimpelekea chupa tupu za bia, nikamwomba anionyeshe tu walivyozishika. Akaikamata ya kwanza shingoni kwa vidole viwili, akaongeza ya pili, ya tatu na ya nne katika mkono uleule, na huku zikigongana akaanza kusimulia, bila kuulizwa, zamu ya usiku, sakafu isiyokauka na vipande vya chupa vilivyotoboa soli za buti. Tulizungumza saa mbili. Tangu siku hiyo siendi kwa mtu mikono mitupu.

Usiwahoji waliokuwa na vitambulisho vya kazi peke yao. Wafugaji wa huku mlimani, wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa zizini, wanakikumbuka kiwanda kwa sababu ya machicha, yaani mabaki ya shayiri baada ya kukamuliwa, ambayo ni chakula kizuri cha ng'ombe. Mama mmoja wa Kibosho aliniambia kwamba ng'ombe wake walianza kulia kabla gari la machicha halijapanda kilima, kwa kuwa harufu ile, kama ya uji uliochacha, ilitangulia. Mhasibu hawezi kukupa habari hiyo. Wazee wengine watahama mada kabisa na kukueleza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, jinsi ulezi unavyochipuzwa na msesewe, gome chungu la mti, unavyotiwa. Waache, maana wengi walielewa kimea cha kiwandani kwa kukifananisha na cha nyumbani.

Taja mwaka mwanzoni mwa mazungumzo, kwani ukisema tu "kiwanda cha bia", vijana watadhani unauliza habari za kiwanda cha kampuni ya bia ya Serengeti, kilichokuja Moshi baadaye. Watu wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili pamoja na majina yao, wala usijifanye hakimu.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa uchungu kidogo. Kadi yangu ya kumbukumbu iliharibika ikiwa na mahojiano ya wazee wawili, na mmoja wao tulikuwa tumeshamzika. Sasa kila sauti huiweka mahali patatu siku hiyohiyo, na jina la faili hubeba tarehe, mtaa na jina la msimulizi. Hati za mshahara na picha huzipiga kivulini, mbele na nyuma, nikamrudishia mwenyewe kabla sijaondoka. Ruhusa naiomba kwa sauti, simu ikiwa imeshawashwa, na mtu akibadili nia baadaye nafuta.

Jambo la mwisho ni kumpelekea msimulizi nakala yake. Yule mzee wa chupa nilimwekea sauti yake katika redio ya mjukuu wake, akasikiliza kimya mpaka kwenye habari za buti, kisha akainua mkono. "Zima hiyo," akasema, "sikueleza habari za mpishi wetu. Washa simu yako."