Chai, muhogo, mbata na jasi: ushauri kwa anayeanza kazi ya draya Tanga

Anayeanza kazi ya draya, yaani mashine ya kukaushia kwa hewa ya moto, huuliza kwanza aweke nyuzi ngapi. Ni swali la haki, ila joto la hewa na joto la mzigo ni vitu viwili. Chukua hewa ya Tanga mchana, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, uipashe moto hadi nyuzi 70. Maji yaliyomo ni yale yale, lakini unyevu wake sasa unasomeka kama asilimia 11, na hapo ndipo hewa inapopata uwezo wa kunyonya. Ukiweka ndani yake kitu kilicholowa, hakifiki nyuzi 70. Kinabaki karibu na 35, kwa kuwa joto linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ukitaka kuhakikisha, funga utambi wa pamba uliolowa kwenye kipimajoto cha pili na ukiweke kwenye mkondo wa feni kando ya kile kikavu. Namba hizo mbili zikikaribiana, hewa imeshashiba. Fungua kilango cha kutolea mvuke kabla hujagusa moto.

Maji ya juu yakiisha, mambo yanageuka. Yaliyobaki yako ndani na yanapenya polepole kuja nje, huku joto la mzigo likipanda kuifuata hewa. Utaona pia joto la hewa inayotoka linaanza kupanda. Ukiongeza moto wakati huo ngozi ya nje inakauka na kufunga, maji yanabaki ndani. Hasara nyingi za draya huanzia hapa, na kila mzigo unafika hapo kwa wakati wake.

Muhogo ndio mwalimu mzuri kuliko yote. Ukishakunwa una maji kama asilimia 65, na wanga wake unaanza kuiva karibu na nyuzi 60 ukiwa bado umelowa. Utandaze mzito kwenye trei, feni iwe dhaifu, hewa ya nyuzi 80: unapata gundi, kisha gamba. Lakini draya ya bomba, ile inayopeperusha unga ndani ya hewa ya nyuzi 150 na zaidi, inatoa unga mweupe. Siri ni muda na ukubwa wa chembe. Chembe inakaa ndani sekunde chache tu, na muda mwingi wa hizo maji yake yenyewe yanaipoza. Ndiyo maana bomba halitaki mabonge. Bonge linatoka bichi katikati, au linanata kwenye kona ya bomba, linaungua, na cheche ikisafiri na unga mkavu huo ni moto kiwandani. Chekecha kabla ya kulisha, na kona zikaguliwe kila zamu.

Na kamua kwanza. Maji yanayotoka kwa jeki hayali kuni. Wengi hawaelewi uzito wa jambo hili kwa sababu hesabu yao ya maji ina kasoro. Tani moja ya muhogo kutoka asilimia 65 hadi 12: mtu anatoa 12 kwenye 65, anasema ataondoa kilo 530. Sivyo. Kitu kikavu ni kilo 350, nacho hakibadiliki. Mwishoni kilo hizo 350 ni asilimia 88 ya mzigo, kwa hiyo unga ni kilo 398 na maji yaliyotoka ni 602. Kila kilo ya maji inataka angalau megajuli 2.4, jumla kama 1,450. Kuni kavu zinatoa karibu megajuli 15 kwa kilo, yaani kilo 97 kwenye karatasi. Tanuru na draya hupoteza nusu kwa urahisi, basi andaa 200, na zaidi kama kuni ni mbichi, maana hizo zinaanza kwa kujikausha zenyewe.

Chai ya Usambara ina hatari ya upande wa pili, ya hewa kuwa baridi mno. Majani yaliyokwisha kukatwa na kuchachushwa yanaingia na maji karibu asilimia 70 na yanatakiwa kutoka na 3. Mchachuko lazima ukatishwe mara moja. Ukilisha mkanda wa draya tabaka nene, hewa inayotoka inashuka chini ya nyuzi 50 hivi, majani yanaendelea kuchachuka ndani ya mvuke wake na chai inakosa ukali. Hewa hiyo ikipanda mbali juu ya 57, nje inakauka kabla ya ndani na ladha inakuwa ya kuungua. Kwa hiyo kwenye chai macho yetu yako kwenye kipimajoto cha kutokea, si cha kuingilia. Rekebisha unene kwanza, moto baadaye.

Nazi iliyopasuliwa kwa ajili ya mbata iingie drayani ndani ya saa 4, la sivyo utelezi na kuvu vinaanza. Inaingia na maji kama asilimia 50. Ishushe hadi 6. Usivuke nyuzi 70, hasa mwanzoni. Juu ya asilimia 7 ghalani, kuvu inarudi, na pamoja nayo hofu ya sumukuvu.

Mbao za mtiki, kama zile za shamba la Longuza kule Muheza, zinawashangaza wageni: siku za kwanza tunapuliza mvuke ndani ya chumba cha kukaushia ili zisikauke upesi. Uso ukisinyaa kabla ya kiini, ubao unapasuka, na ufa hauna dawa.

Mwani ni habari ya chumvi. Unauzwa ukiwa na maji hadi asilimia 35 na bado hauozi. Lakini chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani unyevu ukivuka asilimia 75, na usiku wa pwani yetu huvuka hapo mara nyingi. Mwani uliotoka drayani saa 10 jioni ukaachwa wazi, asubuhi umelowa. Mkonge nao ukikaushwa kupita kiasi unarudisha unyevu ghalani, na kuni zako zimepotea bure.

Chochote unachokausha, kisipakiwe kikiwa cha moto. Kipoze mpaka kisizidi joto la nje kwa nyuzi 5, kisha funga. Vinginevyo mvuke unageuka maji kwenye kuta za mfuko na gunia linaota kuvu upande mmoja. Chai ipozwe upesi na mahali pakavu, maana nayo hunyonya.

Kuhusu kupima unyevu: usichukue sampuli trei ya karibu na hita peke yake, chukua juu, katikati na chini. Oveni ya nyuzi 105 inafaa nafaka na udongo. Jasi, yale madini yanayochanganywa kwenye saruji kiwandani, haifai hapo, kwa sababu ina maji yaliyojengeka ndani ya fuwele zake, na kwenye joto hilo yanaanza kutoka. Sampuli itasomeka mbichi kuliko ilivyo, mwendeshaji ataongeza moto, na jasi itaanza kugeuka plasta. Saruji iliyochanganywa na jasi hiyo inaganda kabla fundi hajaitandaza. Jasi ipime kwa nyuzi 45 mpaka uzito usibadilike, na uandike joto la oveni kando ya namba ya unyevu, zamu inayofuata ijue umepimaje.